Nilivyoipima Shule ya Mtaani Kwetu

Usiku wa kuamkia Ijumaa niliota, na kabla hujaniuliza: sikula kiporo, sikulala chali, wala sikuwa na homa. Nilikunywa chai ya rangi, nikaifunika cherehani, nikalala kama watu wengine.

Naota nimesimama mbele ya shule ya msingi ya mtaani kwetu, hapa Singida mjini. Ina jina rasmi, refu, ambalo hakuna anayelitaja. Watu wote wanaiita Rimuni, kwa sababu kengele yake ni rimu ya lori iliyotundikwa kwa mnyororo. Ni asubuhi, jua limechomoza vizuri. Shingoni nina futi yangu ya kushonea, maana mimi ni fundi cherehani na sitoki bila futi, hata ndotoni. Mkononi nina daftari na kalamu. Nimekuja kukagua.

Acha nieleze kwa nini, kwa sababu haya yalikuwa ya kweli kabla hayajawa ndoto. Nina mtoto mmoja, anaitwa Sikudhani, ana miaka sita, na Januari anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Nyumbani anaongea mpaka naongeza mwendo wa cherehani nipate kupumua. Akimwona mgeni anafunga mdomo, na mdomo huo hauna ufunguo. Tulimpeleka kwenye usaili wa shule moja ya kulipia, yenye basi la njano. Wakamwonyesha kadi nyekundu, wakamwuliza hii ni rangi gani. Akaitazama nusu saa. Wakaandika kwenye fomu: arudi akiwa tayari. Njiani wakati wa kurudi akaniambia ile kadi haikuwa nyekundu, ilikuwa rangi ya nyanya iliyokaa sana kwenye kapu.

Ikabaki Rimuni. Na Rimuni, kwa maelezo ya wifi yangu Mwasiti, darasa la kwanza lina watoto tisini na sita na mwalimu mmoja. Uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa hiyohiyo. Mume wangu alisema niamue mimi, kwa kuwa yeye alisoma palepale na hawezi kuwa hakimu wa nyumba iliyomlea. Ama nimwandikishe, ama nimweke nyumbani mwaka mwingine. Nilikuwa na hofu moja tu: kwamba mwanangu atakaa kule nyuma mwaka mzima na hakuna atakayejua kama ana sauti. Hofu hiyo ndiyo niliyolala nayo.

Sasa turudi ndotoni.

Rimuni haina geti. Ina nguzo mbili za zege, na katikati yake hakuna kitu. Napita.

"Hodi hujapiga," inasema nguzo ya kulia.

"Hakuna geti," nasema.

"Hatujakuuliza habari za geti," inasema ya kushoto. "Tumekuuliza hodi."

Narudi nyuma hatua mbili, napiga hodi. Zinaniambia karibu kwa pamoja. Kisha ya kulia inauliza nina shida gani, naijibu kwamba nachagua shule ya mtoto.

"Umeshaona ngapi?"

"Moja. Ilikuwa na basi."

"Mchagua nazi hupata koroma," inasema ya kushoto, bila ubaya, kama mtu anayekutajia saa.

Nikafungua daftari nikaandika: Geti hakuna. Nguzo zina adabu kuliko watu.

Uwanjani fagio za chelewa zilikuwa zinafagia, na kila ufagio ulikuwa umemshika mtoto wake mkono asipotee. Kwenye ubao wa matangazo paliandikwa: Kila ufagio uje na mtoto wake. Kila dumu lije na maji yake. Mchanga ulikuwa umefagiliwa kwa mistari iliyonyooka mno, nikasimama. Nimeshona miaka kumi na minne, mstari ulionyooka siuoni kila siku. Nikavua futi shingoni nikapima kutoka mstari hadi mstari. Inchi mbili. Nikaenda mpaka mwisho wa uwanja, karibu na vyoo, mahali ambapo mtu huanza kulipualipua kazi kwa kuwa hakuna anayetazama. Nikapima tena. Inchi mbili.

"Nani amewafundisha?" nikauuliza ufagio mmoja.

"Darasa la kwanza," ukasema. "Tukifika hapa tunakuwa hatujui hata kushika mtoto."

Lazima nikiri hapa udhaifu wangu wa kifundi. Mimi shule naipima kwa pindo. Nionyeshe pindo la sketi nitakwambia mwalimu mkuu ni mtu wa namna gani. Sare za ile shule ya basi la njano nazishona mimi mwenyewe, kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyokuwa naiheshimu. Basi nikamwinamia msichana mmoja aliyekuwa akipita na ufagio wake, nikageuza pindo la sketi yake ya bluu. Lilikuwa limeshonwa kwa mkono, uzi mweusi hapa, uzi wa kahawia pale, na limeshushwa mara mbili. Nikaandika: Mshono mbaya.

"Nimesikia," ikasema sketi.

"Sikukusudia kukuudhi."

"Hujaniudhi. Mimi nilikuwa ya binamu yake, nikawa ya dada yake, sasa ni yake. Nimesoma mpaka darasa la nne mara mbili, na hii ni ya tatu. Niulize saba mara nane."

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita. Uliza na tisa mara saba."

"Tisa mara saba?"

"Sitini na tatu," ikasema, wakati mimi bado nahesabu vidole. "Na zile unazoshona wewe, zenye bitana, zinajua nini?"

Nikafikiri kwa haki. "Zinajua kukaa vizuri," nikasema.

"Ni mwanzo," ikasema sketi, na nikaona inasema kwa upole, isinivunje moyo. Nikarudi kwenye daftari nikaukata ule mstari wa mshono.

Nikauliza ofisi ya mwalimu mkuu. Nikaelekezwa kwa rimu. Inaning'inia kwenye mti wa mwarobaini, ina kutu pembeni, katikati imeng'aa mahali inapogongwa. Mwalimu mkuu mwenyewe amekwenda kwenye kikao, na rimu inakaimu.

"Shikamoo, mwalimu mkuu," nasema.

"Marahaba. Uliza."

Naanza na uzoefu wake wa kazi, kwa kuwa Mwasiti aliniambia nianze na hilo.

"Nilikuwa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto," inasema rimu. "Nimebeba vitunguu kutoka hapa mpaka Dodoma miaka kumi na saba. Nikapinda kidogo, wakasema nimestaafu, wakanitundika hapa."

"Na sasa unafanya nini?"

"Nabeba watoto mia tisa. Kila asubuhi nikigongwa mara moja tu, nawatoa vitandani kwao, nawapitisha barabarani, nawaweka hapa mstarini. Vitunguu vilikuwa vyepesi."

Nikaandika. Nikauliza vyoo.

"Vipo. Havitoshi."

Kule kwenye basi la njano niliuliza vyoo wakanionyesha bwawa la kuogelea. Jibu la rimu lilikuwa fupi kiasi kwamba nikatafuta mahali pa kubishana nikakosa.

"Madirisha?"

"Yapo. Vioo ndivyo havipo."

"Vitabu?"

"Kimoja kwa watoto wanne. Anayesoma haraka anajifunza kusubiri. Anayesoma polepole anajifunza kukaza mwendo. Wa tatu anajifunza kugeuza ukurasa bila kuuchana. Wa nne anakaa upande wa pili wa dawati, kwa hiyo anajifunza kusoma maandishi yakiwa kichwa chini. Hao wa nne wengi wao wanakuwa walimu."

Yote haya nikayaandika chini ya neno Kasoro. Rimu ikanitazama nikiandika, kisha ikasema, "Andika pia kwamba sikukuficha." Nikaandika. Sikujua niliweke upande wa kasoro au upande wa sifa, nikaliacha katikati ya ukurasa, na mpaka sasa nadhani ndilo neno pekee la maana nililoandika asubuhi ile.

Nikauliza lile lililonileta. "Mwalimu wa darasa la kwanza ni nani?"

Rimu ikalia kidogo yenyewe, bila kugongwa. "Mwalimu Nyamizi."

"Ana watoto wangapi?"

"Tisini na sita."

"Anawezaje?"

"Nenda ukaone," ikasema. "Sisi wenyewe huwa tunachungulia."

Mlangoni kwa darasa la kwanza nikavua viatu, kwa sababu nilikuwa nimeingia sebuleni kwangu. Ilikuwa sebule yangu kabisa, na kabati la vyombo, na cherehani iliyofunikwa kanga, na saa ya ukutani inayokimbia mbele dakika kumi. Katikati yalikuwa yamepangwa madawati thelathini na matatu na bado nafasi ya kupita ilikuwepo. Sikushangaa. Niliona aibu kidogo tu kwamba miaka yote nimekuwa nikiwaambia wageni sebule yangu ni ndogo.

"Sogea," likasema dawati la mbele. "Hapa tunakaa watatu watatu. Wa katikati ndiye anayepata joto."

Nikajibana. Magoti yakagusa kidevu. Ndipo nikaona nimekaa na nani. Kulia kwangu kulikuwa na shati jeupe na kaptula, zimeketi wima, lakini ndani yake hakuna mtu. Kushoto hivyohivyo. Nikageuka nyuma. Darasa zima lilikuwa sare tupu, kola zimesimama, mikono ya mashati imekunjwa mezani kwa adabu.

"Watoto wako wapi?" nikanong'ona. "Nimewaona uwanjani sasa hivi."

"Nje mtu ni mtoto wa mtu," likasema dawati. "Humu ndani anakuwapo akiitwa akaitika."

Nikahesabu, maana kuhesabu ni kazi yangu. Sare zilikuwa tisini na saba. Nikahesabu tena, nikafika kona ya nyuma kabisa, nikaiona ile ya tisini na saba. Ilikuwa ndogo kuliko zote. Kola yake niliijua. Sijaishona bado, lakini kitambaa chake nimekinunua na nimekificha chini ya kitanda, asikione kabla sijaamua.

Mwalimu Nyamizi akaingia. Nilitegemea jitu. Alikuwa mama mfupi, wa kunifikia begani, amevaa sweta ya kijani iliyochakaa viwiko, vidole vyeupe kwa chaki. Hakunisalimia kwanza. Alilisalimia darasa, na sare zote zikasimama. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kuita.

"Hosea Mkumbo."

"Nipo," ikasema sare ya kulia kwangu, na kutoka kwenye kola kikachomoza kichwa cha mvulana, kimenyolewa, kina kovu.

"Mbuzi amezaa?"

"Amezaa wawili, mwalimu."

"Kesho utaniambia majina yao. Zuhura Mughenyi."

"Nipo." Kichwa kikachomoza.

"Hamia dirishani. Jicho lako la kushoto linataka mwanga. Tabu Ntandu."

"Nipo."

"Umekula?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Tabu."

"Hapana, mwalimu."

Mwalimu akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa nusu ya kiazi kitamu, akakiweka mezani kwa Tabu, akaita jina linalofuata. Nikatazama ule mfuko. Mimi ni fundi, najua mfuko wa sweta unaingiza nini. Nilihesabu nusu za viazi kumi na moja zikitoka mle kabla hatujafika katikati ya daftari.

Aliita hivyo, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alikuwa na neno. Huyu alihamia kwa bibi yake. Yule anaandika kwa mkono wa kushoto na asikatazwe. Huyu leo ametimiza miaka saba, na nyumbani hakuna aliyekumbuka, basi darasa likampigia makofi ya mapaja mara tatu likaendelea. Vichwa vilikuwa vinachomoza kote sebuleni kwangu. Nikatazama saa ya ukutani, nikaona imesimama.

"Mbona huendi?" nikaiuliza.

"Nikisogea nitamruka mtu," ikasema saa.

Niseme ukweli wa moyo wangu: nilimpenda yule mwanamke. Nimeishi miaka kumi na minne kwa kupima watu, nikimaliza kupima nasahau jina nabaki na inchi. Yeye alikuwa na watu tisini na sita na hakusahau hata mbuzi wao. Nikalifunga daftari langu la ukaguzi nikalikalia.

Akafika mwisho wa ukurasa.

"Sikudhani Jumbe."

Ile sare ya konani haikutikisika.

"Sikudhani Jumbe," akaita tena, kwa sauti ileile.

Nikasimama. "Yupo, mwalimu. Ni mwanangu. Mbele ya watu hasemi, lakini yupo."

"Mama, wewe sijakuita," akasema Mwalimu Nyamizi.

"Mzazi akiitikia, anaandikwa mzazi," likasema daftari la mahudhurio, likaniandika. Nikajitazama nikaona nimevaa sare, na miguu yangu imekuwa mifupi haigusi chini. Hosea Mkumbo akaniazima kifutio chake, nadhani kwa huruma.

Nikaanza kujitetea, sasa kwa sauti nyembamba. Nikasema mwanangu si mjinga. Nikasema enzi za wazazi wetu mtoto alipopelekwa kuandikishwa aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, akilifikia, ameiva, anaingia darasani. Nikasema nimemjaribu mwanangu nyumbani na analifikia, tena linabaki na ziada.

"Mtihani huo bado tunao," akasema Mwalimu Nyamizi. "Ila tuligundua tulikuwa tunampima asiyehusika."

"Sasa mnampima nani?"

"Mimi," akasema. Akaweka daftari chini, akakunja mkono wa sweta. "Wewe si fundi? Njoo unipime."

Namkaribia na futi. Naiweka begani kwake, ananyoosha mkono, na mkono unaanza kwenda.

Unapita juu ya dawati la kwanza. Watoto wanainamisha vichwa bila kuambiwa, kama watu waliozoea kupita chini ya tawi moja kila siku. Unapita juu ya dawati la pili, la tatu. Nami naufuata, nasogeza futi kutoka kiwiko kwenda mbele. Inchi sitini, futi inaisha. Naweka kidole, naanza upya. Sitini nyingine. Ukuta wa nyuma wa sebule haupo tena, na madawati yanaendelea sokoni, katikati ya mafungu ya vitunguu, na watu wanaopunguziana bei wanasogea mkono upite. Sitini nyingine.

Kisha madawati yanaingia wodini. Naijua wodi ile, rangi yake ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe kwenda juu. Nilingoja mtoto miaka kumi na moja, ndiyo maana anaitwa Sikudhani. Alizaliwa mle asubuhi moja, na hakulia. Mkunga alimshika, akamgeuza, akamsugua mgongo, na hakulia. Ilikuwa dakika nzima. Kisha akalia, watu wote wakacheka, wakasahau. Mimi dakika ile bado ninayo. Kila akinyamaza mbele ya wageni, ninasimama ndani ya dakika ile tena.

Mkono wa Mwalimu Nyamizi unapita juu ya kitanda changu cha wodini, polepole, na hauendi upande.

Mwisho wa wodi ipo kona, na kwenye kona lipo dawati la mwisho, na pale imekaa ile sare ndogo. Vidole vyeupe kwa chaki vinapita juu ya kola, juu ya mahali ambapo kichwa kingekuwa, vinashuka upande wa pili mahali ambapo sikio lingekuwa, vinatulia.

"Nimefika," anasema Mwalimu Nyamizi kutoka mbele ya darasa. Hajainua sauti, na namsikia kama yuko karibu yangu. "Sasa tunasubiri."

Nikatazama futi nisome jumla. Namba zilikuwa zimekwisha kwenye futi, imebaki utepe mweupe mtupu.

Watoto tisini na sita walikaa wakasubiri. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyegeuka kutazama. Hosea alikuwa amekunja mikono. Tabu aliacha kutafuna. Saa ilikuwa imesimama, nje rimu ilikuwa imejishika isilie, na wale watu wa sokoni walikuwa wameshusha vikapu chini. Kule kwenye usaili walisubiri pia, lakini walisubiri huku wakitazama kalamu zao. Hawa walisubiri kama mtu anayengoja nduguye avue viatu waingie wote.

"Tutasubiri mpaka lini?" nikauliza.

"Mama," akasema Mwalimu Nyamizi, "kipindi hiki hakina somo lingine."

Nikakaa chini sakafuni, karibu na dawati la mwisho, na sare yangu na miguu yangu mifupi. Nikalia kidogo. Hakuna aliyenikataza. Na nilipoinua macho nikaona kwenye kola zinachomoza nywele, zile twende kilioni nilizomsuka Jumatano, kisha paji la uso, kisha macho, yanatazama moja kwa moja mbele ya darasa, hayanitazami mimi. Mdomo ukatoka, ukafunguka.

Hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mume wangu alikuwa ameshatoka, kikombe chake kiko mezani. Sebule ilikuwa ndogo kama kawaida. Nikajicheka, nikafunga kanga vizuri, nikaenda kwenye kitanda cha Sikudhani. Alikuwa amelalia ubavu, shuka limemshuka. Nikainama nimfunike, nikaona sikio lake la juu lina kitu cheupe.

Nikalipangusa kwa kidole. Ilikuwa vumbi la chaki, alama mbili sambamba, upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Humu ndani chaki ipo, hiyo ya kuchorea vitambaa, lakini yangu ni ya bluu, na pakiti nimeifungia kwenye droo ya cherehani. Nikavipima vidole vyangu juu ya alama iliyobaki. Vyangu vilikuwa vyembamba zaidi.

Nikamwita kwa sauti ya chini, kama ninavyomwita siku zote, naye siku zote hunijibu abee na kujifunika uso. "Sikudhani."

Hakufumbua macho.

"Nipo, mwalimu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

Nikamwacha alale kidogo. Nikafungua kabati nikaanza kutafuta cheti chake cha kuzaliwa.